Kuuguza Tumbawe Ndani ya Kioo

Katika maduka ya Ujerumani yanayouza viumbe wa baharini huwa kuna pembe moja ambayo muuzaji hapendi mteja asimame sana. Hapo huwekwa matumbawe yaliyoumia: lililosafiri vibaya ndani ya sanduku kutoka Indonesia au Australia, lililounguzwa na taa kali, lililorudishwa na mteja aliyeshindwa nalo. Bei imefutwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine chini yake, kisha hiyo nayo imefutwa. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga aliyehamia Berlin akawa fundi wa lifti, akiingia dukani huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo. Tumbawe zima, anasema, litapata mnunuzi. Hilo halimhitaji yeye.

Nimemtazama mara nyingi akiuguza. Ninachotaka kukisifu si huruma yake kwa viumbe, maana wenye huruma ni wengi na matangi yao hufa vilevile. Nasifu ustadi wake wa kutogusa. Kazi yake nzuri zaidi hufanyika mikono ikiwa mfukoni, na mtu asiyejua angedhani ni uvivu.

Nichukue mgonjwa mmoja tu, maana kila aina ya tumbawe ina tabia zake. Alinunua *Trachyphyllia geoffroyi*, ambayo wafugaji huiita kwa kifupi trakifilia. Hili si tumbawe la matawi lililojishika mwambani. Huishi peke yake juu ya mchanga, mahali pasipo na mkondo mkali, kuanzia Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hadi Pasifiki. Chini lina kiunzi cha mawe chenye umbo la pia, kimezama mchangani. Juu lina nyama nene yenye mikunjo, na katikati mdomo, mmoja au kadhaa. Mchana nyama hiyo hujaa maji ikatanuka mpaka kiunzi kisionekane kabisa. Usiku husinyaa, na kando ya mdomo huchomoza minyiri midogo iliyo tayari kukamata chochote kinachopita. Likiwa na afya huwa jekundu, kijani au buluu, tena mara nyingi rangi mbili tatu kwa pamoja.

Alilolinunua lilikuwa jeupe lenye waridi kidogo, nyama imekuwa nyembamba hivi kwamba kingo za kiunzi zilionekana zikiisukuma kutoka ndani, na upande mmoja zilikuwa zimekwisha kuitoboa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mdomo unaobaki wazi bila chakula si dalili ya njaa, ni dalili ya kuchoka.

Ni vizuri kueleza weupe huo unatoka wapi. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake wamo mwani wa chembe moja, wengi mno, wenye rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu. Mwani hao hutengeneza sukari kwa mwanga, na sehemu kubwa humpa mwenyeji wao. Katika matumbawe mengi ya mwambani msaada huo unaweza kufikia asilimia 90 ya nguvu anayoihitaji. Joto likizidi, au mwanga ukizidi, mitambo ya mwani huharibika na kuanza kumwaga sumu za oksijeni ndani ya nyama. Mnyama huwafukuza. Nyama inayobaki ni angavu, na weupe unaouona ni wa mifupa iliyo chini yake. Bado hajafa. Amebaki na akiba yake ya mafuta na mdomo wake, na saa inakwenda.

Wakati mwingine mwani wakiondoka hubaki zile protini za rangi zinazong'aa chini ya taa ya buluu, na mgonjwa akaonekana mzuri kuliko alivyokuwa na afya: waridi la kumeremeta, manjano ya ajabu. Wapo wanaouza matumbawe ya namna hiyo kwa bei ya juu kama rangi adimu, na wapo wanaoyanunua kwa furaha. Rafiki yangu huyapita akitikisa kichwa na kusonya.

Kitu cha kwanza alichofanya nyumbani ni kutofanya kitu. Aliacha mfuko uelee mpaka joto la maji yake lilingane na la tangi, akachanganya maji taratibu, akalizamisha tumbawe likiwa ndani ya bakuli ili lisitolewe hewani. Nyama iliyojaa maji ikiinuliwa hewani huning'inia kwa uzito wake na kuchanika juu ya kingo za kiunzi, na kwa trakifilia mchaniko mmoja unatosha kufungua mlango wa maambukizo. Alilishika kwa chini tu, kwenye jiwe, vidole viwili na gumba. Akaliweka mchangani kwenye kona yenye kivuli, akaondoa mkono. Halafu akavuta kiti akakaa.

Kukaa huko ndiko kulikonivutia kwanza. Alikuwa akisoma. Je, nyama inajaa upande wote au upande mmoja? Mkondo unaitikisa kwa upole au unaikunja kwenye kidonda? Kaa gani analisogelea? Usiku alirudi na tochi yenye mwanga mwekundu, ambao hausumbui viumbe wengi, akatazama kama minyiri inatoka. Haikutoka usiku ule, wala uliofuata. Hakuongeza dawa yoyote majini, ingawa kabatini anazo chupa za kutosha kufungulia duka.

Mwanga ndio mahali ambapo wengi huua wakidhani wanaponya. Wanajua kwamba tumbawe huishi kwa mwanga, wanaliona limefifia, wanalisogeza karibu na taa. Lakini mwani waliobaki ni wachache, na wachache hao wakipigwa na mwanga uliokusudiwa kugawanywa kwa wengi, huungua wote. Kwa hiyo mgonjwa aliyepauka hupewa mwanga mdogo kuliko mzima. Rafiki yangu ana kipimamwanga cha kuzamisha majini. Pale kwenye kona kilisoma kama 50, wakati kwenye mawe ya juu, yanapokaa matumbawe ya matawi, kilisoma zaidi ya 250. Aliliacha kwenye 50 kwa wiki nyingi. Baadaye aliongeza nguvu ya taa kidogo kidogo, asilimia chache kwa mara, na baada ya kila nyongeza alingoja.

Nilimuuliza kwa nini asiongeze mwanga na chakula kwa pamoja, muda uokolewe. Alinijibu bila kugeuka: "Kaka, ukibadilisha mambo mawili siku moja, kesho likinyauka utamuuliza nani?"

Yote haya hayana maana maji yakiwa mabaya, na hapa ndipo penye ufundi usioonekana. Maji ya tangi lake ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kama bahari ya wazi. Maji yanayopotea kwa mvuke ni matamu, chumvi hubaki. Kwa hiyo anachojazia ni maji yaliyosafishwa, tena si kwa ndoo bali kwa pampu ndogo inayoongozwa na boya, vikombe vichache kwa mara, mchana na usiku. Joto ni nyuzi 25 hadi 26. Majira ya kiangazi Berlin nyumba zisizo na kiyoyozi huwa tanuri, na yeye huelekeza feni ya kawaida juu ya uso wa maji; mvuke ukiondoka huondoka na joto, na tangi hushuka nyuzi mbili au tatu. Naitreti na fosfeti, ambazo kizazi cha zamani cha wafugaji kilizikimbiza mpaka sifuri, yeye huziacha kidogo: miligramu chache za naitreti kwa lita, na fosfeti chini ya 0.1. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi humlaza tumbawe njaa, na mgonjwa ndiye wa kwanza kuumia.

Halafu kuna chokaa. Tumbawe hujenga kiunzi chake kwa kalsiamu na kaboneti linazozitoa majini, na katika tangi dogo lenye matumbawe mengi vitu hivyo hupungua siku hadi siku. Lazima virudishwe, na virudishwe kwa kipimo kilekile vilivyochukuliwa. Mbinu moja ya zamani na bado nzuri ni kudondosha maji ya chokaa. Aliyeieneza ni Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani katika miaka ya 1970 kuhusu viumbe wa bahari wasio samaki, na wafugaji wa Berlin wakaifanya sehemu ya utaratibu wao, pamoja na mawe hai kutoka baharini, taa kali na mtambo wa kuchuja uchafu kwa povu. Hawakuwa wa kwanza kutumia mawe hai: Lee Chin Eng wa Jakarta alikwisha kuandika mwaka 1961 jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe hai na hewa tu, bila vichujio vya mashine. Ila Wajerumani walikuwa mbali na mwamba wowote, na umbali huo uliwalazimisha kupima kila kitu.

Mtu wa pwani hawezi kusikia habari ya maji ya chokaa asitabasamu. Sisi tulichoma matumbawe kwa karne nyingi. Tulipanga magogo mviringo, tukaweka mawe ya matumbawe juu, tukatia moto, na unga uliobaki tukauzima kwa maji ukapaka kuta za Lamu, za Kilwa na za Mji Mkongwe. Moto ulifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe. Ukutani chokaa iliivuta tena hewani na kurudi kuwa jiwe. Ndani ya kioo cha Berlin safari ni ileile isipokuwa mwisho wake: chokaa huingia majini tone kwa tone, hukutana na hewa ya ukaa, na mnyama huichukua akaifanya mfupa. Rafiki yangu huiachia idondoke usiku, kwa kuwa usiku mwani hawatumii hewa ya ukaa nayo hujaa majini, chokaa huitumia. Maji hayo ni makali, yanaweza kuunguza ngozi, na yakimwagika mengi kwa pamoja huua tangi zima. Kwa hiyo tone, halafu tone.

Kipimo anachokiangalia zaidi ni ualkali, ambao wafugaji huusoma kwa digrii za Kijerumani. Baharini ni kama 7. Tangi lake hukaa kati ya 7 na 8. Nimeona watu wakibishana kwa jazba kama bora ni 7 au 9, na kwa maoni yangu ubishi huo hauna faida: tumbawe litakubali 7 na litakubali 9, lisilokubali ni kulala kwenye 7 na kuamka kwenye 9. Kila jioni akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, huchota maji kwa bomba la sindano, hutia dawa ya kupimia na kuhesabu matone mpaka rangi igeuke. Huandika namba moja kwenye daftari la shule. Kurasa za daftari hilo zinachosha kusoma, namba ni zilezile, ukurasa baada ya ukurasa, na kuchosha huko ndiko kazi yenyewe.

Chakula kilianza pale minyiri ilipoanza kutoka, si kabla. Nilikuwapo jioni moja na nitaieleza polepole, kwa sababu ni jambo zuri kulitazama. Alizima pampu, maji yakatulia. Aliyeyusha uduvi waliogandishwa katika kikombe cha maji ya tangi, akawasuuza, akawakata vipande kwa wembe. Kipande kikubwa tumbawe hukimeza kwa shida na kukitapika saa kadhaa baadaye, na mgonjwa amepoteza nguvu badala ya kuipata. Kwanza alimwaga maji ya uduvi matupu, matone machache, juu kidogo ya nyama. Tukangoja. Ukingo wa mdomo ulianza kuvimba. Minyiri, mifupi na angavu, ilichomoza mmoja mmoja kwenye duara. Ndipo alipofunika tumbawe lote kwa chupa ya soda iliyokatwa kitako, na kupitia shingo ya chupa akashusha mrija mrefu na kuangusha kipande kimoja cha uduvi karibu na mdomo.

Chupa ile ni kwa ajili ya wezi. Kamba msafishaji, ambaye mchana ni kipenzi cha kila mgeni, alikuwa amekwisha kufika akipapasa plastiki kwa ndevu zake ndefu nyeupe, na kaa mmoja alikuwa akizunguka nje akitafuta mlango. Bila chupa wangeingiza mikono mpaka ndani ya mdomo wa tumbawe na kung'oa chakula, na nyama nyembamba ingechanika. Ndani, minyiri ilikishika kipande. Nyama ikajikunja juu yake taratibu hivi kwamba usingeuona mwendo, ungeona tu kwamba umetokea. Kipande kikapotea. Akaongeza cha pili, akafunga kikombe. Nilidhani angetoa zaidi, kwa kuwa lilikuwa linataka. Alikataa. Humlisha kama mgonjwa aliyetoka homani anavyopewa uji, mara mbili kwa wiki, kidogo, na siku zilizobaki tumbo lipumzike.

Isije ikaonekana kwamba subira ndiyo jibu la kila ugonjwa. Jirani wa trakifilia katika tangi lile ni yufilia, tumbawe la matawi lenye minyiri mirefu ya kupepea. Hilo lina ugonjwa wake mbaya: ute wa kahawia unaofunika kichwa kimoja, nyama chini yake ikiyeyuka. Ukiuona jioni, kesho yake kichwa hicho huenda kikawa mfupa mtupu, na ute ukishapeperushwa na mkondo hufika vichwa vya jirani. Hapo rafiki yangu hageuki kuwa mtazamaji. Huzima pampu, hunyonya ute kwa mrija moja kwa moja hadi ndani ya ndoo, hutoa tumbawe, hukata tawi lililoambukizwa kwa msumeno mdogo chini ya sehemu iliyo hai, huosha yaliyobaki kwa maji yenye iodini na kuyatenga. Yote ndani ya muda wa kuchemsha chai. Akropora nazo, matumbawe mengine ya matawi, nyama ikianza kubanduka kutoka kwenye kitako kwenda juu kwa kasi, huokolewa kwa kukata ncha zilizo nzima na kuzigandisha kwa gundi kwenye kijiwe kipya. Ustadi ni kujua mapema kama huu ni ugonjwa wa saa au ugonjwa wa miezi, na hilo halisomwi kitabuni kwa urahisi. Ncha nyeupe ya akropora yenye polipu, vile vijinyama vyenye mdomo na minyiri, ni ukuaji. Weupe usio na polipu ni kifo. Kwa mgeni vyote ni vyeupe.

Kitu kinachonisumbua ninapomtazama ni jinsi alivyo na uwezo ambao bahari hainao. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipanda joto, na baadhi ya miamba ya Kenya na Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Kilichohitajika kilikuwa kidogo: wiki kadhaa za joto lililozidi kwa nyuzi moja tu lile la mwezi wenye joto zaidi wa mwaka. Mwaka 2016 joto hilo likaja tena, na Aprili 2024 wanasayansi wakathibitisha tukio la nne la matumbawe kupauka dunia nzima. Shimoni na Wasini, pwani ya Kenya, wapo watu wanaokuza vipande vya matumbawe katika vitalu chini ya maji na kuvipanda upya mwambani; kazi yao ya mikono inafanana sana na ya rafiki yangu, kukata, kusafisha mwani, kukagua wanaokula polipu. Lakini hakuna wa kuwashikia feni. Yeye analijua hilo, na hajawahi kunidanganya kwamba tangi lake linaokoa mwamba wowote.

Trakifilia ilianza kupona kwa namna ambayo wengi wangeiona ni kuharibika. Waridi lile la kuvutia likafifia, na mahali pake pakaja kahawia, kwanza madoa kuzunguka mdomo, kisha kila mahali. Mke wake alisema tumbawe limekuwa na rangi ya matope. Yeye alifurahi kama sijui nini: kahawia ni mwani, mwani wamerudi na wanazaana. Nyekundu ilifuata baadaye sana, juu ya kahawia hiyo, kuanzia kwenye mikunjo ya nje. Nyama ikanenepa, ikaanza tena kufunika kingo za kiunzi mchana. Ule upande uliotoboka haukurudi wote. Sehemu ilifunikwa na nyama mpya, sehemu ikabaki jiwe, na jiwe hilo sasa limevikwa mwani mgumu wa zambarau, ambao angalau huwazuia mwani wa nyuzi kushika hapo na kuisumbua nyama.

Sasa tatizo ni ujirani. Tumbawe lililokuwa limesinyaa kama ngumi ya mtoto mchana hutanuka mpaka likaribie sahani, na usiku yufilia hurusha minyiri yake mirefu ya kupigana, yenye sumu, kwenda mbali kuliko mtu anavyotarajia. Kati yao kumebaki mchanga wa upana wa kiganja. Moja lazima lihame. Kuhamisha trakifilia ni kuibadilishia mkondo na mwanga kwa mara moja, kinyume cha kila alichokifanya mpaka hapa. Kuhamisha yufilia ni kuling'oa jiwe ambalo limejigandisha na mawe mengine matatu. Mara ya mwisho nilipopita kwake alikuwa ameweka kipande cha kioo kati yao kwa muda, na daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wenye mchoro wa tangi uliofutwafutwa.